Walioitwa Mikono Tu

Kila asubuhi Rhobi alifagia kituo cha watoto cha Itiryo. Mikeka ilikuwa mipya na sufuria zinang'aa, lakini watoto hawakuja. Wengine walibebwa mgongoni mpaka shambani. Mmoja aliachwa nyumbani peke yake, akaungua mguu jikoni. Habari hiyo ilimuuma Rhobi, kwa maana kituo alikianzisha yeye na viongozi wenzake wa shirika la kijijini ili kuzuia mambo kama hayo. Sasa shirika hilo lilitaka kukifunga.

Siku moja alifika Faudhia, ofisa maendeleo ya jamii, mwenyeji wa Tanga.

"Shikamoo, mama. Mpango wa kituo mliupanga na nani?"

"Marahaba. Tuliupanga sisi viongozi. Majirani walikuja kujenga. Waliitikia wote, kama risaga ya zamani."

Faudhia akauliza risaga ni nini. Rhobi akatabasamu. Akamweleza jinsi majirani walivyolimiana mashamba kwa zamu, kwa nyimbo, na uji wa wimbi ukiwasubiri. Akiikumbuka harufu ya uji ule, alitamani kulia. Mwenye kuita watu alikuwa mama yake. Kwanza alipita boma kwa boma akiuliza siku ipi inawafaa, nani ana mgonjwa, na shamba la nani lianze.

Hapo Rhobi akaitazama mikeka mitupu.

"Mwanangu, mimi niliita mikono tu," akasema. "Mama aliita na vichwa."

"Hao ndio wadau, mama. Ni watu wote ambao mpango unawagusa. Waulizwe kabla ya kupanga, si baada ya kujenga."

Kidole kimoja hakivunji chawa. Rhobi akajifunga kanga, akapita boma kwa boma. Mkutano ulijaa. Akina mama walisema kituo hufunguliwa wakati wao wameshafika shambani. Bibi Agustina naye alikuwa na lake.

"Wajukuu tumewalea sisi. Mbona hamkutuachia hata kuwapikia uji?"

Mpango ukaandikwa upya, ukasomwa mbele ya wote.

Siku hizi kituo kinafunguliwa alfajiri. Akina bibi wanapika kwa zamu, huku wakiimba nyimbo za risaga. Watoto wanazipenda, ingawa maneno wanayakosea. Rhobi akija na ufagio wake hapati pa kufagia, kwa kuwa mikeka imejaa. Anasimama mlangoni, harufu ya uji wa wimbi inamfikia, naye ni kama anamsikia mama yake akipiga hodi kwa majirani.