Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Kila asubuhi, kabla ya kugusa daftari wala kiatu, Sindano alikunywa maji. Bilauri ya kwanza aliinywa akiwa amesimama mlangoni. Ya pili aliinywa akiwa ameketi kando ya cherehani ya mama yake, na hiyo ndiyo iliyoteremsha kidonge. Jina la Sindano alipewa na wenzake shuleni kwa wembamba wake, na kwa kuwa mama yake alikuwa fundi wa nguo, jina likamganda. Mwenyewe hakulichukia. Alichokichukia ni kidonge.

Alizaliwa na selimundu. Chembe nyekundu za damu yake, badala ya kuwa mviringo na laini, zilijikunja kama mundu. Zikikwama kwenye mishipa myembamba, maumivu humwingia mifupani hadi akakosa pa kuweka mkono. Kidonge cha kila siku kilikuwa kimemtuliza kwa muda mrefu, hata mama yake akarudia kuimba nyimbo za ibada huku akikanyaga cherehani.

Asubuhi hiyo, hata hivyo, mama hakuimba. Alikuwa ameshona mashati mengi ya wanafunzi, na kila shati lilikaba shingo. Alipopima, akagundua kwamba mkono wake haukukosea. Kosa lilikuwa kwenye karatasi ngumu aliyoilaza juu ya kitambaa ili kukatia kola. Karatasi ilikuwa imepotoka kidogo, na kola zote zilizokatwa kwayo zikapotoka vilevile. Basi akaketi kufumua kola moja baada ya nyingine, huku karatasi mpya akiichora taratibu, kila alipopata nafasi.

Sindano alikuwa akimshikia kitambaa redio ilipoanza kuzungumzia ugonjwa wake. Mtaalamu mmoja alieleza kwamba mwili hutengeneza damu kwa kufuata maelekezo ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi wake, yaitwayo jeni. Jeni yenye kosa hutoa damu yenye kosa. Sasa imepatikana tiba ya kuirekebisha jeni yenyewe, na wapo wagonjwa waliokwisha kupona maumivu. "Lakini," akasema mtaalamu, na hapo hapo mama akakanyaga cherehani, ngurumo yake ikameza yaliyobaki. Sindano hakutaka kujua zaidi. Aliondoka na nusu ya habari, ile nusu tamu.

Shuleni alimweleza rafiki yake, msichana aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Chiriku alifurahi kupita kiasi. Akasema kama ndivyo, Sindano aingie kwenye timu ya mbio za kupokezana kijiti, maana amekaa benchi mpaka benchi limemzoea.

"Na hivyo vidonge unavimeza vya nini tena?" akauliza. "Ugonjwa wenyewe unaaga, wewe unausindikiza?"

Kesho yake Sindano alijifanya kutupa kidonge mdomoni, kumbe amekibana kiganjani. Mama alipoinama kutunga uzi, akakidondosha katika kopo la vifungo vya zamani, ambalo halikufunguliwa ila mara chache. Siku ya kwanza alifanya kwa woga. Siku zilizofuata akazoea. Wiki zikapita bila maumivu, naye akajiona mjanja. Hata maji akayapunguza, kwa kuwa aliona haya kuomba ruhusa ya kutoka darasani kila mara.

Jioni moja yeye na wenzake wa timu ya mbio walikuwa wakifanya mazoezi ya kijiti, mvua ikawanyeshea. Alifika nyumbani anatetemeka, na kabla giza halijaingia alikuwa amejikunja sakafuni, anashindwa hata kulia. Mama alimbeba mgongoni hadi hospitali, ingawa alikuwa mtoto mkubwa wa miaka kumi na miwili.

Walimtundikia maji, wakampa dawa ya maumivu na blanketi. Asubuhi alikuja daktari aliyekuwa akimtibu tangu utotoni. Alimpima, kisha akamwambia mama kwamba inaelekea ile dawa haimtoshi tena, hivyo ataongeza kipimo. Mama akauliza kama kipimo kikubwa kina madhara. Daktari hakuficha. Dawa ikizidi inaweza kupunguza chembe za damu zinazopigana na maradhi, lakini kama kipimo cha sasa kimeshindwa, itabidi.

Sindano alimtazama mama yake, aliyekesha kwenye kiti na bado ana vipande vya uzi kwenye khanga. Angenyamaza tu, lawama zote zingeiangukia dawa. Lakini dawa hiyo hiyo, ikiongezwa kwa uongo wake, ingeweza kumdhuru.

"Daktari, usiongeze," akasema. "Dawa haijashindwa. Nilikuwa siimezi."

Mama akauliza polepole vidonge vilikwenda wapi.

"Viko kwenye kopo la vifungo, mama."

Mama alifumba macho, midomo ikicheza, na Sindano akajua anamwomba Mungu subira. Alipoyafumbua akasema, "Kumbe siku moja ningekuja kumshonea mteja kidonge kifuani."

Daktari akacheka bila kupenda. Kisha akaufuta mstari alioandika wa kuongeza kipimo, akataka kujua sababu. Aliposikia habari ya redio, alivuta kiti akammalizia ile nusu iliyomezwa na cherehani. Tiba ni ya kweli, alisema. Lakini kwanza hutolewa chembe mama, zile zinazozaa damu ndani ya mifupa, zikarekebishwe maabara. Kabla ya kurudishwa, mgonjwa hupewa dawa kali ya kusafisha zile za zamani, na dawa hiyo ina hatari zake. Hukaa hospitali muda mrefu. Tena hospitali zinazoweza kazi hiyo ni chache, gharama yake ni ya kutisha, na watafiti bado wanawafuatilia waliotibiwa.

"Kwa hiyo hainihusu?" Sindano akauliza.

"Inakuhusu sana. Ndiyo maana nataka ikukute mzima."

Siku waliyorudi nyumbani, mama alimwaga kopo mezani, wakachambua vidonge kutoka kwenye vifungo ili virudishwe hospitali. Karatasi mpya ya kola ilikuwa imekwisha kukatwa, ikining'inia ukutani. Sindano alikunywa bilauri mbili, akameza kidonge kipya, kisha akaachama mdomo na kuinua ulimi bila kuambiwa.

"Funga, inzi wataingia," mama akasema. "Ulisema kweli ilipokuwa ngumu, nami nakuamini." Akaishusha ile karatasi na kuilaza juu ya kitambaa. "Hii niliichora siku nyingi, mwanangu. Lakini wakati naichora, watoto wa watu hawakwenda shule kifua wazi. Nilifumua na kurekebisha kola zao moja moja, kila siku. Kinachokuja tukiombee kije. Cha leo tukifanye leo."

Kisha akakanyaga cherehani, na baada ya kitambo kidogo akaanza kuimba.