Mstari wa Kuficha

Tak.

Sauti moja, ya kitufe kimoja cha kibodi, ilitoka sebuleni. Stambuli alifumbua macho. Mkewe Sabiha alikuwa amelala ubavuni pake, na nyumba ile ya Doonside, huku ugenini, haikuwa na mtu wa tatu.

Alikwenda kutazama. Kompyuta ilikuwa inawaka. Sebule ilinuka udi, na wao hawakuwa wamefukiza udi tangu Idi.

Stambuli alijulikana kwa programu yake ya kuchuja mtandao. Ilikuwa ya bure, yeyote aliweza kuisoma na kuirekebisha. Kila ukurasa ulipita kwanza ndani yake, ukaondolewa matangazo na uchafu, ndipo ulipofika machoni pa mtu. Kwa programu hiyo alipata kazi nzuri katika kampuni moja mtaa wa Seven Hills. Wiki ile alikuwa akiifundisha kusoma mafaili ya mitindo, yale yanayouambia ukurasa kipi kiwe kikubwa, kipi chekundu, kipi kionekane, kipi kifichwe. Palikuwa na kasoro mahali, naye hakuiona.

Asubuhi Sabiha alifungua kwenye kompyuta rosta ya zamu ya nyumba ya wazee alikofanya kazi.

"Stambuli, hebu njoo. Wamenifukuza hawa?"

Penye jina lake palikuwa peupe.

"Ni kichujio changu. Nitakirekebisha."

"Fanya upesi bwana, kinakula majina ya watu."

Alicheka, na kicheko kikatoka chembamba, kama cha redio iliyochoka betri.

Jioni jina lake lilitoweka kwenye barua pepe ya mama yake kutoka Tanga. Kesho yake lilitoweka chini ya picha ya harusi yao. Kila lilipotoweka, sauti yake ilipungua. Siku ya nne alinong'ona. Siku ya tano alisogeza midomo tu, na chai ikapoa mbele yake. Daktari alimulika koo, akasema ni zima.

Stambuli alipekua faili la mitindo la programu yake mstari kwa mstari, hadi akaufikia mmoja alioujua.

Aliuandika mwenyewe, miaka miwili nyuma. Mtungaji wa kwanza wa programu ile hakuwa yeye. Alikuwa mwenzake wa chumba kabla hajaoa, mtu wa Pangani, aliyekufa kwa pumu majira ya baridi. Leseni ilikataza kufuta jina la mtungaji, na Stambuli hakulifuta. Alilifunika kwa mstari mmoja wa mtindo: lipo, lisionekane. Sifa zikaja kwake peke yake. Hata kwenye khitma, majina ya marehemu yalipokusanywa yaombewe, lile hakulipeleka. Sabiha hakuwahi kuambiwa.

Sasa ndani ya mstari uleule paliandikwa Sabiha. Akaufuta, ukarudi, akaufuta tena na harufu ya udi ikazidi kuwa nzito, akazima kompyuta na kuchomoa waya ukutani na bado skrini ikabaki nyeupe ikimtazama, na nyuma yake, karibu kabisa na shingo, mtu alivuta pumzi ya kukwama, pumzi ya kifua kinachobana, pumzi aliyoilalia na kuiamkia mwaka mzima katika chumba kimoja, naye hakuthubutu kugeuka.

Mugambi, Mmeru aliyemwombea kazi ile Seven Hills, ndiye aliyemleta mganga, Bi Sumeiya, kwa gari kutoka Rooty Hill, mtaa wa jirani. Kazi ya bibi yule ilikuwa kupiga pasi nguo za wagonjwa hospitalini mchana, na kutoa majini jioni.

"Funika king'ora cha moshi kwanza," alisema akipuliza makaa. "Mara ya mwisho waliniletea wazima moto."

"Mimi ni Methodist, Mama," Mugambi alinong'ona. "Nikae ama nitoke?"

"Kaa. Shika mlango."

Alimnywesha Sabiha kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, akamfunika shuka nyeupe, akauliza kama ilivyo ada: "Wewe uliye kichwani, jina lako nani?"

Sauti nzito ikatoka chini ya shuka. "Mimi nimekaa tu pasipo na mtu. Muulizeni mwenye nyumba ni pa nani."

Bi Sumeiya alimgeukia Stambuli. "Maiti harudi, mwanangu. Lakini dhuluma huacha nafasi, na jini hapendi nafasi ipotee. Pa nani hapa?"

Stambuli alimtazama Mugambi mlangoni. Aliona haya, akaiona kazi ikimponyoka, pamoja na miaka miwili ya kupongezwa.

"Si tuongee faragha, bibi?"

"Faragha ndiyo iliyomleta. Tazama mkeo!"

Shuka ilikuwa ikishuka. Pale palipokuwa na mabega palikuwa panalala bapa, polepole, kama kitanda kinachotandikwa. Ulibaki mkono mmoja nje, na vidole vyake vilimshika Stambuli kwa nguvu ndogo iliyosalia.

"Ndugu," Mugambi alisema, "kama unajua, sema."

Stambuli alipiga magoti.

"Programu si yangu," alisema. "Ni ya Abdulhakim. Abdulhakim Mwinyikombo."

Vidole vya Sabiha vikakaza mkononi mwake, na shuka ikaanza kuinuka mabegani.