Shimo la Kumi na Mbili

Jioni ile Elifuraha alipanda mlimani Meru kwenda kumfumania mzee wa watu. Si kumsalimia. Kumfumania!

Alikuwa mwaka wa nne akisomea shahada ya udaktari ya elimu ya wadudu. Utafiti wake wote ulikuwa vikombe kumi na viwili vya plastiki, vimefukiwa hadi mdomoni katika shamba la kahawa la Mzee Melkizedeki. Mdudu anapita, anatumbukia, anahesabiwa. Wiki kumi mfululizo. Ikivurugika moja tu, anaanza upya. Wiki iliyopita alikuta udongo umemwagwa kando ya kila kikombe. Nani kama si mwenye shamba? Tena siku hizi mzee alikuwa hamtazami usoni.

Zilibaki saa kumi na mbili tu. Kesho alfajiri avune, amalize.

Alimkuta kweli, amechuchumaa migombani, udongo mkononi.

"Shikamoo," alisema kwa hasira.

"Marahaba. Nilikuwa nakungoja. Fukia mashimo yako."

"Mzee, unataka kunimaliza?"

"Nilijaribu mwenyewe, imeshindikana. Anafukia aliyechimba." Akaonyesha jani refu la sale, ule mmea wa mipakani, lililosimama kando ya shimo. "Nani alikutuma uchomeke haya?"

"Ni alama tu. Vijiti mbuzi wanang'oa..."

"Wewe umekulia mjini Kimandolu, hukufundishwa. Huku tunapanda sale kaburini." Sauti ikashuka. "Umechimba, ukaweka sale. Sasa mashimo yanangoja mtu."

"Yanangoja nani?"

Mzee alitazama viatu vya Elifuraha.

"Fukia kabla ya giza, mwanangu."

Imani za wazee hizo, au janja ya kumtoa shambani? Elifuraha aliona ni janja. Akaitikia, "Sawa, baba, nenda kapumzike." Mzee alipoingia ndani, akafunika vikombe kwa majani ya migomba visionekane, akateremka zake.

Alfajiri alirudi. Kumi na moja vilikuwa na siafu, buibui, nyenje. Vizuri.

Cha kumi na mbili kilijaa pomoni.

Mbawakawa weusi, bapa, wamepandana hadi mdomoni. Aliwajua. Hawa hufuata nyama iliyokufa tu, na kikombe kilikuwa kikavu, hakina chambo. Akanusa shimo... udongo mtupu. Na lile jani la sale, alipolivuta, halikung'oka. Lilikuwa limeota mizizi.

Mzee huyu ameniwekea mzoga, aliwaza, akaenda kugonga mlango wake.

Mzee Melkizedeki alitoka amevaa suti yake ya kanisani, kama anayekwenda mazikoni. Elifuraha akanyoosha mkono kumsalimia. Mzee akarudi nyuma hatua moja.

"Hukufukia," alisema taratibu. Kisha akafunga mlango.

Chumbani kwake Ngarenaro, mjini, Elifuraha alijifungia, akawamwaga wadudu kwenye trei nyeupe ya bati awahesabu. Alitegemea watawanyike, kila mmoja na njia yake.

Hawakutawanyika.

Waligeuka wote pamoja, vichwa vikamwelekea yeye.

Akahamia upande wa dirisha.

Wakageuka tena. Krr... krr... kucha zao kwenye bati.

Jamani, angekuwa mtu mwingine angesema ni joto, au mwanga. Lakini yeye ndiye aliyewasomea miaka minne. Alijua wanavuta harufu ya kifo kabla binadamu hajaisikia, na kwamba hawakosei.

Akainua mkono wake polepole, akaunusa.