Vibao Vitatu vya Uwimpuhwe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Uwimpuhwe alifagia ua wao mdogo mtaani Mbugangari, akanyunyiza maji ili vumbi jeusi litulie, kisha akatoa nje viti viwili. Kimoja kilikuwa cha mama, kingine cha mgeni. Mama yake, Mukamusoni, alikuwa komisiyoneri, yaani mtu wa kuwatafutia wengine nyumba za kupanga. Na mwaka ule wa 1999, hapa Gisenyi, Rwanda, nani hakuwa akitafuta nyumba? Kuna waliorudi kutoka Tanzania, kama Mukamusoni mwenyewe, kuna waliorudi kutoka Uganda na Kongo, na wote walitaka mahali pa kulaza watoto wao.

Lakini kiti cha mgeni kilikuwa kikikaa tupu siku nyingi. Ajabu gani hii! Watu wamebanana kwenye nyumba za jamaa zao, halafu anayewatafutia nyumba anakosa wa kumtafutia!

Jioni moja mama alikuwa akichambua maharage machache yaliyobaki. Aliweka ungo chini akamwita binti yake.

"Mwanangu, njoo ukae. Mwezi huu ukiisha bila mpangaji, nitavuka mpaka niende Goma kwa mama yako mkubwa, nikauze naye vitenge. Wewe utakaa Nyamyumba kwa bibi."

"Mama! Si twende wote Goma?"

"Anaishi chumba kimoja, na watoto wake wamejaa humo. Nitakuweka wapi?"

Tangu baba yake afariki, Uwimpuhwe hakuwahi kulala mbali na mama yake. Alimpenda bibi, lakini bibi si mama. Usiku ule alivuta shuka usoni akalia mpaka mto ukalowa.

Asubuhi alikuwa amekwisha kumpata mwenye kosa. Ni Munyakazi! Nani mwingine? Munyakazi alikuwa jirani yao wa mbele, mwenye duka la mabati na misumari lenye lango kubwa la buluu. Zamani aliuza mabati tu. Sasa naye alikuwa akipangisha nyumba, na watu walipanga foleni langoni kwake. Wanapita hatua chache tu kutoka kwa mama, wanaishia kwa Munyakazi! Bila shaka, Uwimpuhwe aliwaza, huyu anawavizia wateja wetu njiani.

Claudette, binti wa Munyakazi, alikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Walikaa dawati moja, wakila mahindi ya kuchoma katika gunzi moja, huyu upande huu na yule upande ule. Siku hiyo walipotoka shule, Claudette alimshika mkono kama kawaida. Uwimpuhwe akauchomoa.

"Usinishike! Baba yako anakula jasho la mama yangu."

"We Uwimpuhwe, unasema nini?"

"Nasema unachosikia!"

Angeishia hapo tungemwelewa, maana hasira ni hasara na watoto hukosana. Lakini wapi! Aliingia dukani kwa Munyakazi, mbele ya wateja na mbele ya wanafunzi wenzake waliokuwa wakipita, akapaza sauti.

"Munyakazi, wewe ni mwizi! Unaiba wateja wa mama yangu!"

Hakusema hata "Baba Claudette". Watu waliguna. Mwanamke mmoja akasema, "Yebaba weee!" Munyakazi, aliyekuwa akipima misumari, aliiweka chini mizani yake polepole.

"Mutoto, rudi kwenu," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Mi nitaongea na mama yako."

Claudette alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka, na wanafunzi wenzake wanamtazama na kunong'onezana. Uwimpuhwe alimpita kifua mbele kama aliyeshinda vita.

Basi, subirini muone alichoshinda. Zamani walau mteja mmoja mmoja alifika kwa Mukamusoni. Tangu siku ile hakufika mtu yeyote. Mama alikwenda kwa Munyakazi kuomba radhi, akarudi nyumbani, akaanza kukunja nguo zake na kuzipanga sandukuni. Kila nguo iliyoingia humo ilimchoma Uwimpuhwe.

Siku ya soko alijificha karibu na kibao cha mama yake, ili awakamate watu wa Munyakazi wakiwavuta wateja. Vibao vya mama vilikuwa vitatu: kimoja sokoni, kimoja njia ya mpakani, kimoja njia ya Rugerero. Uwimpuhwe ndiye aliyeviandika vyote, kwa kuwa hati yake ilisifiwa na walimu.

Hakuona mtu wa kuvuta wateja. Alimwona dada mmoja aliyebeba mkoba akisimama mbele ya kibao, akakisoma, kisha akamgeukia mwenye baiskeli ya abiria.

"Samahani, kwa Munyakazi ni wapi?"

"Kwa Munyakazi? Panda, dada! Gisenyi yote inajua kwa Munyakazi."

Uwimpuhwe alichomoka alikojificha. "Dada! Dada, nani amekutuma kwa Munyakazi?"

Yule dada alishtuka. Jina lake lilikuwa Connie, muuguzi aliyerudi kutoka Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutafutatafuta. "Hapana mtu," alijibu. "Mimi nataka nyumba. Kibao hii inasema nyumba, inasema Munyakazi."

Uwimpuhwe aligeuka akakisoma kibao chake mwenyewe. NYUMBA ZA KUPANGA, KWA MAMA UWIMPUHWE, NYUMA YA KWA MUNYAKAZI. Kichochoro chao hakikuwa na jina, na lango la buluu lilijulikana, ndiyo maana aliandika hivyo. Tena, ili watu wasipotee, jina la Munyakazi aliliandika kubwa, kwa rangi nyekundu. Jina la mama aliliandika dogo, kwa mkaa, na sasa mvua ilikuwa imelifuta karibu lote.

Alikimbia mpaka njia ya mpakani. Ni vilevile. Akakimbia mpaka njia ya Rugerero. Ni vilevile! Kila aliyeingia mjini akitafuta nyumba alikaribishwa na jina la Munyakazi. Akiuliza njia, aliuliza jina hilo, na aliyeulizwa akazidi kulizoea, mpaka watu wa Gisenyi wakaamini kwamba nyumba na Munyakazi ni kitu kimoja. Na mwandishi alikuwa nani? Ni yeye Uwimpuhwe, kwa hati yake nzuri.

Alikwenda moja kwa moja mpaka dukani kwa Munyakazi, akapiga magoti mbele ya mabati.

"Baba Claudette, nisamehe. Hukuiba. Vibao vyangu ndivyo vilivyokutangaza."

Munyakazi alimwinua. "Bon, afazali umejua. Mi nilikuwa mutu wa mabati tu. Batu wakaanza kuja hapa: 'Nyumba iko wapi?' Nikamutuma Claudette awapeleke kwenu. Kila siku, akitoka masomo, anaacha chakula yake, anawashika mukono, anawaleta mpaka kwa kichochoro yenu, anarudi. Kisha wengine wakachoka kuzunguka. Wakasema, 'Baba, na we si unajua nyumba?' Donc, nikawatafutia."

Uwimpuhwe aliuliza: "Wale waliokuwa wakifika kwetu... ni Claudette aliyewaleta?"

"Ni yeye. Hakutaka nikuambie, asionekane anajisifu. Lakini tangu siku ile amekataa, na mi siwezi kumulazimisha."

Claudette alikuwa nyuma ya duka akiosha sufuria. Uwimpuhwe alikuja na maneno mengi, akasema moja tu. "Nisamehe."

"Nimekusamehe," Claudette alisema bila kuinua macho. "Mama alinifundisha kusamehe. Lakini usikuje tena kuniita. Masomoni wananiita mutoto ya mwizi, Uwimpuhwe. Mutoto ya mwizi! Na ni we uliwafundisha."

Kesho yake mama na binti walivipaka vibao upya. Jina la Mukamusoni likaandikwa kubwa, na njia ikaelekezwa kwa bomba la maji la mtaa, ambalo si biashara ya mtu. Haikupita wiki kabla mgeni wa kwanza hajauliza njia kwa jina la mama. Wengine wakafuata. Mwezi ulipokwisha, mama alizitoa nguo sandukuni akazitundika tena, na habari ya Goma ikafa.

Shuleni Uwimpuhwe aliomba ruhusa kwa mwalimu, akasimama mbele ya darasa. "Baba Claudette si mwizi," alisema. "Mimi ndiye niliyesema uongo." Wengine waliacha kumtania Claudette, wengine walimtania bado. Claudette mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia dawati la mbele.

Jioni ile Uwimpuhwe alikaa karibu na mama yake jikoni.

"Mama, nimerekebisha kila kitu. Mbona yeye harudi?"

Mama alisogeza sufuria, akamvuta karibu.

"Kila kitu, mwanangu? Vibao umevirekebisha, na umefanya vyema. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Biashara yetu ilipoanguka, ulikimbilia kumnyooshea jirani kidole kabla ya kwenda kusoma ulichoandika wewe. Ukipatwa na tatizo, anza kuikagua kazi ya mikono yako. Na kama bado hujui ukweli, funga mdomo wako, kwa sababu jina la mtu ukishalichafua huwezi kulipaka rangi upya."

"Hatarudi kabisa?"

"Sijui. Labda siku moja. Wewe mpe heshima yake na umsubiri, wala usimlaumu akikawia."

Uwimpuhwe aliweka kichwa mapajani mwa mama akalia kwa kwikwi. Mama alimpapasa mgongo, wala hakumwambia anyamaze.