Plasta ya Mama Zilpah

Rafiki yangu Gentrix ni muuguzi. Alijitolea wiki nzima kuwasaidia madaktari wa upasuaji waliokuja Kakamega kutoka ng'ambo. Mama Zilpah wa Khwisero alikuwa na uvimbe shingoni, lakini presha yake ilikuwa juu, hivyo Gentrix akatia sahihi arudishwe nyumbani bila kupasuliwa. Wageni walipoondoka, Gentrix alitumwa nyumbani kwa mama huyo kumweleza asubiri mwaka ujao.

Alifika saa nane na dakika mbili mchana, mvua ikianza kugonga mabati. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Kabla hajabisha, alisikia mkasi ukikata kitu ndani, polepole, mara tatu.

"Hodi, mama."

"Karibu. Umesahau nini tena, sista?"

Ndani mlikuwa na giza, na mama alikuwa peke yake kitandani. Gentrix akamulika kwa simu. Uvimbe haukuwepo. Palikuwa na plasta pana, safi.

Akashuku tapeli wa sokoni. Mama akizidiwa, atakayeulizwa ni yule aliyetia sahihi.

"Nani amekupasua, mama?"

Mama akacheka. "Wacha mchezo. Si ni wewe ulikuwa unanishika mkono, ukiniambia nisiogope?"

Kila plasta anayobandika, Gentrix huiandika tarehe, saa na herufi za jina lake, na saba yake huikata kistari katikati. Akasogeza mwanga. Ilikuwa tarehe ya leo, saa 13:57, dakika tano kabla hajafika, saba ikiwa na kistari chake. Alipoigusa, wino ulimchafua kidole.