Baraza Lisilojua Majira

Upepo wa Juni ulikuwa unashuka kutoka milima ya Mbizi, ule unaopasua midomo, nami nilizunguka nyuma ya nyumba kuanua nguo kabla giza halijaingia. Ilikuwa mwaka 1994. Mume wangu, Cornelius, alikuwa Kasanga, ziwani, kwa biashara yake ya samaki wakavu. Hapa Sumbawanga tulibaki wawili, mimi na binti yetu Zita, wa miaka minne, niliyemwacha akicheza kwenye kizingiti cha mbele.

Niseme ukweli, siku zile nilikuwa na majivuno. Bidhaa zilianza kumiminika kutoka Zambia, vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na mimi sikutaka kupitwa. Nilinunua rangi ya mafuta ya kijani nikapaka ukuta wote wa baraza. Nikanunua na maua mekundu ya plastiki, nikayapanga kwenye makopo pande zote mbili za mlango. Hayataki maji, hayanyauki. Mama Urbano, jirani yangu, alikuja akayanusa, nikamcheka mpaka akaona aibu.

Chini ya ile rangi kulikuwa na kazi ya marehemu mama mkwe wangu, Silvana. Yeye alilibadilisha baraza kila majira. Mvua zikianza, alipanda maua ya kweli kwenye makopo yaleyale. Wakati wa mavuno alitundika masuke ya ulezi juu ya mlango. Baridi ikiingia alipaka ukuta udongo mwekundu, kiangazi udongo mweupe.

"Kazi ndogo, Adela," alikuwa akiniambia. "Udongo wa kopo moja na kitu kimoja cha majira. Chai haijachemka, umemaliza."

Na kila akimaliza alichovya kidole, akachora mistari karibu na kizingiti. Mstari mmoja kwa kila anayelala ndani.

"Ya nini, mama?"

"Wapitao wajue nyumba ina watu. Wajue na ni wangapi."

Nilidhani anawasema wezi.

Basi jioni ile, nguo zikiwa mikononi, nilisikia harufu ya udongo mbichi. Mvua ya mwisho ilikuwa imepita wiki nyingi nyuma.

Kisha nikamsikia Zita akisema, "Shikamoo, bibi."

Hakuna aliyeitikia marahaba.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Nikachungulia pembeni ya ukuta. Mwanamke aliyejifunga kaniki alikuwa ameinama karibu na kizingiti, amenipa mgongo. Alikuwa anaikwaruza rangi yangu kwa kucha, taratibu, kama mtu anayetafuta shilingi iliyomdondoka.

"Hapa hapana watu," alinong'ona.

"Mimi nipo," Zita akasema.

"Hupo, mwanangu. Sikuoni ukutani." Akamshika mkono. "Twende. Mtoto hakai kwenye nyumba tupu."

Na mwanangu akainuka, akamfuata.

Nilikimbilia kumshika Zita, nikashika upepo tu... Namwona mbele yangu, mkono wangu unapita hewani. Sijawahi kuogopa vile, na naomba nisiogope vile tena.

Nikakumbuka mistari.

Palikuwa na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Nikaimwaga uwanjani, nikachota tope, nikachora ukutani. Mmoja. Wawili. Watatu.

Tope likateleza lote hadi chini. Rangi ya mafuta haishiki udongo.

Walikuwa wamefika kwenye uzio.

Nikayang'oa maua ya plastiki, nikakamata kopo tupu, nikaparua ukuta kwa ukingo wake. Kucha zikakatika. Damu ikatoka. Kijani kikabanduka, wekundu wa mama mkwe ukatokea, na hapo ndipo nikachora tena. Mimi. Cornelius. Zita.

Udongo ukashika.

Hatua zikasimama. Hakugeuka. Nilimsikia tu akihesabu polepole, "Mmoja... wawili... watatu." Akaguna, kama mtu aliyefika dukani akakuta pamefungwa. Akamwachia Zita, akaenda zake, kaniki yake haipepei hata kidogo kwenye upepo ule.

Mkono wa mtoto ulikuwa baridi kama chuma, na ulinuka udongo.

Cornelius aliporudi alikuta nimeibandua rangi yote. Nilimweleza. Nilitegemea acheke, lakini alikaa chini barazani, kofia mkononi.

"Kuna mwaka mama aliugua," alisema. "Hakupaka. Mwaka huo ndio alipotea dada yangu Angela. Alikuwa anacheza hapahapa."



Kiangazi nilipaka udongo mweupe. Nikachora mitatu, nikaingia kutazama chai. Niliporudi ilikuwa minne.

Wa nne ulikuwa bado unachuruzika maji. Mrefu kuliko yote.

"Zita, nani amechora huu?"

"Yule bibi," alisema bila kuacha kucheza. "Amesema amechoka na upepo. Na yeye ahesabiwe."

Nikachukua kitambaa, nikaufuta haraka haraka. Asubuhi yake Zita hakuamka. Nilimwita, nikamtikisa, mwili wote baridi, pumzi inakuja kwa mbali. Nikakimbilia ukutani, nikaurudisha ule mstari kwa mkono wangu mwenyewe. Nyuma yangu, ndani, nikamsikia akikohoa na kuomba uji.

Tangu siku hiyo, kila majira napaka udongo na kuchora minne. Mama Urbano akiihesabu huniuliza kama nina mimba. Nacheka naye.

Jioni upepo ukianza nafunga mlango mapema, na komeo naweka. Ila siku hizi nikishalala, upande wa kitanda cha Zita nasikia watu wawili wakipumua.