Uji wa Mama Mkwe

Haya niliambiwa na Tusajigwe mwenyewe, mwaka 2004, tukichambua maharage kwangu Nkunga. Yalimpata mwaka mmoja nyuma.

— Mama, leo sinywi.

Mama mkwe wake, Elina, alibaki ameshika bakuli la uji wa ndizi.

— Umesemaje?

— Sinywi. Nikishapimwa nitakunywa hata mawili.

Tusajigwe alikutwa na kisukari cha mimba. Alipojifungua, Nesi Justa akamwambia arudi baada ya wiki sita, asubuhi, tumbo tupu, apimwe tena. Mara mbili alikwenda, mara mbili akarudishwa kwa sababu ameshakula. Huku kwetu mzazi haachwi na njaa, na uji wa mama mkwe haukataliwi. Ukiukataa, umemwita mchawi.

— Sukari ilitoka na mtoto! Au uji wangu una sumu?

— Hauna, mama. Ila nikiendelea kuogopa kuukataa, huyu mwanangu Boazi mtamlea wenyewe.

Elina akakimbilia kwa jirani mwenye simu, akampigia mwanawe Ambilikile, yuko kazini Kiwira.

— Mkeo ananiita mchawi! Njoo!

Saa tatu Ambilikile akaingia amevimba.

— Mama Boazi, kunywa uji. La sivyo rudi kwenu Matwebe.

— Nitarudi. Lakini napitia hospitali kwanza, na njaa yangu hii hii.

— Unaringa, eh?

— Naringa! Ulinioa nizae tu, au nizae na kuishi?

Ambilikile akamtazama mkewe, midomo imemkauka, mtoto yuko kwenye ziwa. Akachukua bakuli, akapiga magoti mbele ya mama yake, akanywa uji wote.

— Ndaga, asante mama. Umenyweka. Sasa nampeleka mke wangu.

— Mwe! Dume zima linakunywa uji wa mzazi!

— Na ukipika tena nitakunywa.

Hospitali, Nesi Justa akasoma kipimo.

— Leo iko sawa. Lakini sukari ya mimba huweza kurudi baadaye. Kila mwaka nikuone.

Walipofika nyumbani Elina alikuwa mlangoni.

— Iko sawa? Si nilisema! Mmekwenda bure.

— Sikwenda bure, mama. Nimejua. Na mwakani nakwenda tena, sijala.

Elina akasonya, akamsukumia sahani ya ndizi na maharage.

— Kula basi, usije ukaniangukia hapa.

Tusajigwe akala akamaliza. Ambilikile alishalala kwenye kiti. Naye akajinyoosha mkekani, mchana kweupe, usingizi ukamchukua. Elina akambeba Boazi mgongoni, akakaa kizingitini akinung'unika, "Kila mwaka! Ati kila mwaka!" mpaka mtoto akalala, na yeye akasinzia.